Jipu Lililodunda

Ilianza Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Najua kwa sababu niliandika. Mimi huandika kila kitu, hata vitu visivyo na maana, kama siku ile mwalimu wa Hesabu alivaa soksi mbili tofauti. Nikiwa mbele ya watu mdomo wangu hukwama kama mlango wa mbao wakati wa mvua, basi maneno yaliyokataa kutoka mchana hungoja daftari jioni. Jumanne hiyo niliandika mstari mmoja tu: "Jipu la Mama linadunda."

Mama alikuwa ametoka kiwandani, kile cha nguo, ambako husimama kutwa nzima mbele ya mashine. Alikaa kwenye stuli, akanyoosha mguu wa kushoto juu ya debe, nami nikaloweka taulo kwenye maji moto yenye chumvi. Uvimbe ulikuwa nyuma, kwenye shavu la mguu, chini kidogo ya goti. Wiki moja nyuma ulikuwa kama pera. Sasa ulikuwa umenenepa, ngozi yake inang'aa, na Mama aliuma midomo kila nilipoigusa.

Kukhu ndiye alinifunza kukanda. Si nyanya yangu wa damu. Ni jirani, tunagawana ukuta hapa mtaani Landless, Thika, lakini yeye ametoka magharibi kama sisi na kwetu nyanya huitwa kukhu. Wakikuyu wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga wanamwita Shosho, nyanya kwa lugha yao. Anaitikia yote mawili. Huwakanda wanawake waliojifungua, hurudisha vifundo vya miguu vilivyoteguka, na majipu huyapasua kwa wembe aliouchoma motoni. Ploti nzima inaiamini mikono yake kuliko ukuta wa nyumba.

Na Kukhu alikuwa na sheria moja ya majipu: halipasuliwi bichi. Linapikwa kwanza. Ndivyo alivyosema, kupika. Kila jioni maji moto na chumvi, kila jioni kukandwa, mpaka liive na kichwa kitokee, halafu wembe. Hata kwenye kliniki ndogo karibu na stendi walimwambia Mama karibu vilevile. Walimpa vidonge wakasema, "Likiiva urudi tulipasue." Mama akaona, kama ni kungoja, heri angoje nyumbani.

Kwa hiyo tulikuwa tunalipika.

Jumanne hiyo niliweka vidole vinne juu yake nikasikia kitu kinanigonga kutoka ndani. Tup. Tup. Tup. Nilidhani ni vidole vyangu. Tulifunzwa kwenye Baiolojia kwamba kidole gumba kina mapigo yake, kinaweza kukudanganya. Nikatoa mkono, nikaupangusa, nikarudisha. Bado. Nikashika kifundo cha mkono wa Mama kwa mkono mwingine, kama namsaidia tu, na mapigo ya mkononi na yale ya mguuni yakaja pamoja kama watu wawili wanaotembea hatua moja.

"Mbona umeacha?" Mama aliuliza.

"Taulo imepoa."

Hiyo ndiyo nilisema. Taulo imepoa.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema jingine. Nitaandika ukweli. Niliogopa kuchekwa. Kukhu ameyapasua majipu tangu kabla Mama hajazaliwa, nami ni msichana wa kidato cha tatu ambaye akiulizwa jina la mto huangalia viatu. Ningeanzaje kumwambia Kukhu kwamba jipu la kawaida halidundi?

Jumatano niliandika: "Linadunda. Homa imerudi usiku." Homa hiyo ilikuwa imeenda na kurudi kwa wiki kadhaa. Mama alikuwa amemeza dawa ya malaria mara mbili. Alhamisi: "Linadunda zaidi. Vidole vya mguu anasema vinakufa ganzi." Ijumaa lilikuwa kubwa kama avokado, na Mama akanigeukia.

"Wee, mbona unanikanda siku hizi kama unaogopa kuniamsha?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

Jumamosi asubuhi Kukhu alikuja na kijikaratasi chake mkononi. Ndani kulikuwa na wembe mpya. Aliinama, akautazama uvimbe kwa jicho moja jinsi mtu anavyotazama embe sokoni.

"Limeiva hili," alisema. "Kichwa hakuna, lakini ngozi imekuwa nyembamba. Kichwa kiko ndani. Mjukuu, washa stovu. Leta na beseni."

Niliwasha stovu. Nilileta beseni. Kazi yangu ilikuwa kulishikilia chini ya mguu usaha usimwagike kwenye simiti. Mama alikuwa ameshika leso mdomoni, amefumba macho, anaomba kwa sauti ya chini. Kukhu alipitisha wembe motoni upande huu na upande ule. Beseni lilianza kutetemeka mikononi mwangu, likagonga mguu wa stuli, kling, kling, kling.

"Tulia basi," Kukhu alisema. "Ni mguu wako ama wa mamako?"

"Linadunda," nikasema.

"Nini?"

"Kukhu, linadunda. Kama moyo. Tangu Jumanne."

Mama alifungua macho. Kukhu alinitazama mimi, kisha Mama. "Huyu mtoto ameongea," alisema. "Leo mvua itanyesha mpaka Ngoliba." Ngoliba ndiko Baba anakolima shamba la mtu. Ni kukavu, mvua huko ni ya kuhadithiwa, na huo ulikuwa utani wake wa kila siku juu yangu. Lakini hakucheka. Aliweka wembe kando, akapangusa kiganja kwenye kitenge, akakilaza juu ya uvimbe. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

Kisha alirudisha wembe kwenye karatasi yake, akaikunja mara nne.

"Hili si langu," alisema.

"Kukhu?" Mama alisema.

"Nimesema si langu. Jipu halina moyo. Hii ni damu iko hapa, inapiga mlango. Ningefungua, tungekuwa tunaongea mengine saa hii." Alisimama, magoti yakalia. "Vaa viatu. Twende."

Kuna watu hawajui kusema hivyo. Nimekutana nao hata darasani, watu ambao wangeendelea na wembe kwa sababu wameshawasha stovu. Kila nikisali sasa namtaja Kukhu kwanza, Mungu anisamehe, kabla hata ya Baba.

Jirani wa nyumba ya mbele husambaza mayai, na gari lake ndilo lililokuwa karibu. Mama alikaa mbele, mguu umeinuliwa juu ya gunia. Mimi na Kukhu tulikaa nyuma tukiwa tumekumbatia trei za mayai, kwa sababu hakukuwa na muda wa kuzishusha. Jirani aliendesha polepole mno, akikwepa kila shimo.

"Kwani unaogopea nini?" Kukhu alimfokea. "Mayai ama mtu?"

"Shosho, barabara ni mbaya!"

"Na mimi ni mbaya zaidi. Kanyaga!"

Mama alicheka. Alikuwa anatokwa na jasho na anacheka. Mayai sita yalivunjika, matatu kwenye sketi yangu ya shule, na jirani mpaka leo hajayataja.

Hospitalini Thika walitupeleka kwenye chumba cha altrasaundi. Mhudumu alikuwa mama mnene mwenye sauti nyororo, akampaka Mama jeli baridi, akaanza kuzungusha kile kifaa juu ya uvimbe huku akimwambia habari za mvua. Halafu akanyamaza. Kwenye kioo kulikuwa na duara jeusi, na ndani ya duara rangi nyekundu na buluu zilikuwa zinazunguka, zinafukuzana, kama maji ya mtaro yanapotaka kuingia shimoni. Zilizunguka kwa mdundo ule ule ambao vidole vyangu vilikuwa vinaujua.

"Woiye," yule mama alisema. Kisha akauliza, "Nani alikuwa anaukanda?"

Nilinyoosha mkono kama niko darasani.

"Usiuguse tena, sawa binti?" alisema, na hakusema kwa ukali, lakini nilitamani sakafu inimeze. Alienda kupiga simu. Tukaambiwa daktari wa upasuaji wa mishipa yuko hospitali moja kule Ruiru, na kwamba Mama atapelekwa kwa ambulensi, alale chali, mguu usitingishwe.

Daktari wa Ruiru alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani lililochakaa viwiko. Nilikuwa nimetarajia mwanamume mrefu. Aliugusa uvimbe kidogo tu, akasikiliza kifua cha Mama kwa muda mrefu kuliko nilivyoona mtu akisikilizwa, kisha akavuta kiti akaketi, usawa wa macho yetu.

"Mama, hili si jipu," alisema. "Ni mshipa wa damu, ateri. Umewahi kuona tyubu ya baiskeli imechakaa mahali pamoja, ukiijaza upepo pale panafura peke yake? Ndiyo hii. Ukuta wa mshipa umeliwa na viini mpaka umelegea, na kila moyo ukipiga unazidi kufura. Ungepasuliwa, ama ungepasuka wenyewe, damu ingetoka yote."

Kukhu aliangalia kiganja chake.

"Sasa nataka kujua viini vimetoka wapi," daktari aliendelea. "Huwa havianzii mguuni. Moyo wako una sauti ambayo siipendi. Homa ilianza lini?"

"Kitambo kidogo," Mama alisema.

"Kabla ya uvimbe ama baada?"

"Kabla. Ama zilikuja pamoja. Kukhu?"

"Mimi naona kama tangu mahindi yalipopandwa," Kukhu alisema.

Daktari alitabasamu kwa uchovu. "Kidonda chochote? Sindano? Jino?"

"Hapana," Mama alisema. "Sijaumwa na kitu."

Nilijua si kweli. Si kwamba Mama alidanganya. Mama ni mtu wa kusahau maumivu yakishapita, anayafunika kama sufuria. Lakini mimi nilijua Ijumaa aliyong'olewa jino, na nilijua ilipita wiki ngapi ndipo homa ikaanza, na siku aliyoshika shavu la mguu kwa mara ya kwanza akasema limemkaza. Vyote vilikuwa kwenye begi langu la shule. Nilikuwa nimeliokota mlangoni bila kufikiri tulipotoka, kama mtu mwingine anavyookota simu.

Shida ni ukurasa wenyewe. Lazima niueleze.

Mama hupiga ngoma kanisani. Kanisa letu ni lile la watu wa kwetu, kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, na Jumapili huwa tunaandamana barabarani tukiimba, Mama mbele na ngoma begani. Mimi ndiye huifua kanzu yake, na huianika nyuma ya ploti, karibu na vyoo, si kwenye kamba ya mbele inayoangalia barabara, kwa sababu wasichana wa shule yetu hupita hapo. Ukurasa ulisema hivi, neno kwa neno:

"Jumapili. Mama aling'olewa jino juzi, shavu limevimba, lakini amebeba ngoma tu. Walipita stendi. Wasichana wa darasa letu walikuwa hapo wananunua mahindi choma na wakaanza kucheka wakiigiza. Nilijificha nyuma ya kibanda. Natamani Mama angekuwa mtu wa kanisa la kukaa kwenye viti."

Jino na aibu vilikuwa mistari miwili tofauti, vimegusana. Nisingeweza kumpa daktari kimoja bila kingine. Mama alikuwa amelala hapo, umbali wa mkono. Na daktari alikuwa ameshasimama, anakaribia kuondoka.

Nilifungua begi. Nilitoa daftari, nikalifungua mahali penyewe, nikamwekea mikononi. Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

Alisoma. Nilimwona macho yakishuka mstari wa kwanza, wa pili, yakafika chini. Kisha alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alilaza kiganja chake juu ya sehemu ya chini ya ukurasa, akaifunika, na kwa sauti akasoma yale ya jino peke yake. Akaniuliza kwa upole, "Na homa iko ukurasa gani?" Nikamfungulia. Kila nilipomwonyesha siku, alifunika zilizobaki kwa mkono. Alinakili kwenye faili: jino, homa, dawa ya malaria, homa tena, mguu, kudunda. Kila kimoja na siku yake.

"Mama," alisema, "uling'olewa jino."

"Aa, lile! Lile lilikuwa jino tu."

"Na utotoni uliwahi kuugua koo, halafu viungo vikafura?"

Mama alifikiri. "Nilikosa shule muhula mzima. Magoti. Walisema nimerogwa."

Daktari akatueleza, na mimi nitaandika nilivyoelewa. Ugonjwa ule wa utotoni ulikuwa umeacha alama kwenye vali ya moyo wa Mama. Jino lilipong'olewa viini viliingia kwenye damu, vikapata mahali pale penye kovu pa kujishikiza, vikajenga. Ndiyo homa. Halafu kipande kikang'oka moyoni, kikasafiri na damu mpaka mguuni, kikakwama kwenye ateri, kikaanza kuitafuna. Ndiyo uvimbe. Kumbe nilikuwa nimeandika safari yake yote bila kujua ninachoandika.

Walimtoa damu, wakaiweka kwenye chupa kadhaa ili waipande, daktari alisema hivyo, kama mbegu, waone ni viini gani vitaota na ni dawa gani itaviua. Wakapiga picha ya moyo, na kweli kwenye vali kulikuwa na kitu kinapeperuka kama kipande cha uzi. Wakapiga picha nyingine ya mguu kwa dawa inayoonyesha mishipa. Dripu ikaanza jioni hiyo hiyo. Dawa itapita kwenye mshipa wiki sita, tuliambiwa, isirukwe hata siku moja. Moyo nao utachunguzwa kila mara.

Baba alifika kutoka Ngoliba na matope yaliyokaukia kwenye buti. Yeye hana maneno mengi, ndiko nilikoutoa ukimya wangu. Aliuliza moja tu.

"Mguu utakatwa?"

"Sijui bado," daktari alisema, nikampenda kwa kutodanganya. "Chini ya goti damu hushuka kwa njia tatu. Moja ndiyo hiyo mbovu. Lazima niifunge juu na chini, nitoe sehemu iliyooza, nisafishe. Baada ya hapo mguu utategemea zile mbili. Zikitosha, sawa. Zisipotosha nitatoa mshipa kwenye mguu wa pili nimtengenezee njia. Na hiyo ikikataa, ndiyo tutaongea juu ya mguu."

Upasuaji ulipangwa Jumanne.

Jumatatu niliachwa na Mama peke yangu kwa muda. Homa ilikuwa imeteremka kidogo. Alikuwa anatazama dari.

"Daktari alifunika nini kwa mkono?" aliuliza.

Nilitazama viatu vyangu.

"Ile ya kibanda cha mahindi?"

Nilimtazama.

"Nilikuona," Mama alisema. "Ulidhani umejificha? Mwili ulikuwa nyuma ya kibanda, viatu viko nje. Nani mwingine Thika nzima ana kamba moja nyeupe na moja nyeusi?"

"Mama, aki pole."

"Pole ya nini. Mimi nikiwa kama wewe mamangu alikuwa anauza samaki mkavu, nilikuwa natembea upande wa pili wa barabara." Alicheka, kisha akakohoa. "Lakini naomba kitu. Mguu ukienda, ngoma nitabeba na nini? Huombi kwa sauti, najua. Niombee hata ndani ya hiyo daftari."

Niliandika ombi. Ni refu, sitalinakili hapa.

Jumanne walimchukua saa tatu asubuhi. Tulikaa kwenye benchi, mimi, Baba na Kukhu. Kukhu alikuwa amebeba chupa ya chai na viazi vitamu vilivyochemshwa na alimlazimisha kila mtu aliyepita kula, hata askari wa mlango. Baada ya muda alianza kusema, lakini akiutazama ukuta.

"Nilikuwa na wembe mkononi," alisema. "Nilikuwa nimeshauchoma."

"Na mimi nilikuwa naukanda," nikasema. "Siku nne nikijua."

"Sisi wawili," Kukhu alisema. "Tungemmaliza vizuri sana." Akanipa kiazi.

Baba, ambaye hakuwa anajua sehemu hiyo, alitutazama kwa zamu. Nilidhani atakasirika. Alichukua kiazi changu, akakimenya, akanirudishia.

Daktari alitoka saa saba kasorobo, sweta lake la kijani amelivaa juu ya nguo za upasuaji. Alisema mshipa ulikuwa umebaki na ukuta mwembamba kama ganda la kitunguu. Ameufunga, ametoa kilichooza, amesafisha mpaka nyama ikaonekana nzuri. Kidonda kimeachwa wazi kidogo ili kisafishwe kila siku.

"Na zile mbili?" Baba aliuliza.

"Njooni muone."

Alituruhusu mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika Mama alikuwa bado na usingizi wa dawa, anasema maneno ya nyumbani yasiyokuwa na mwisho. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji, vidole viko nje. Daktari alikuwa na mashine ndogo ya kusikiliza, inayotoshea mfukoni. Aliiweka kwenye mgongo wa mguu, nyuma kidogo ya vidole, na chumba kikajaa sauti: shwaa, shwaa, shwaa.

"Hiyo ni njia ya mbele," alisema. "Inafanya kazi kama kawaida. Mguu unakaa." Kisha akaizima. "Sasa tafuta wewe. Bila mashine. Vidole viwili, hapa, kwenye mstari wa kidole kikubwa na kinachofuata. Usikandamize."

Niliogopa. Mara ya mwisho niliambiwa nisimguse. Lakini alinishika mkono akauweka mwenyewe. Mguu ulikuwa na joto. Mwanzoni sikusikia kitu, nikaanza kutoa jasho, halafu kikaja, kidogo, kwa adabu, si kama kule nyuma kulikokuwa kunagonga mlango. Tup. Tup.

"Umekipata?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Ongea."

"Nimekipata, Daktari."

"Mikono yako ilijua kabla yetu sote," alisema. "Kesho usianze kuiogopa."

Nilirudi Landless jioni hiyo na Kukhu. Baba alibaki Ruiru.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya saa kumi na mbili. Nilichota maji, nikatoa kanzu ya Mama iliyokuwa imekaa kwenye ndoo tangu Jumapili ya wiki ile nyingine, nikaifua kwa sabuni ya kipande mpaka msalaba ukang'aa. Nikapita na beseni langu mbele ya nyumba, nikaianika kwenye kamba inayoangalia barabara, mikono yake nimeinyoosha na kubana pande zote mbili.

Kukhu alitoka na mswaki mdomoni. Alitazama kanzu, akatazama mimi, akatema mate pembeni.

"Hawajapiga simu?"

"Baba amepiga. Amelala vizuri. Mguu una joto."

"Joto tu? Hata maiti ikianikwa juani inapata joto. Wanajuaje uko hai?"

"Keti," nikamwambia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemwamuru mtu mzima. Aliketi kwenye ngazi. Nilipiga magoti, nikamvua ndara, nikaupangusa mguu wake kwa ncha ya sketi. Nikatafuta kwa vidole viwili, juu, kwenye mstari wa kidole kikubwa. Nilipopapata nilichukua vidole vyake mwenyewe, vile vigumu vilivyokanda nusu ya ploti, nikaviweka pale pale.

"Sikii kitu."

"Usikandamize, Kukhu. Ngoja."

Alingoja. Uso wake ulibadilika polepole. "Yaya," alinong'ona. "Miaka yote hii nimeshika miguu ya watu. Kumbe huyu anakaa hapa."

Wasichana wawili wa shule yetu walikuwa wanapita na mabegi yao. Walipunguza mwendo, wakaitazama kanzu inayodondosha maji, wakanitazama nilivyopiga magoti.

"Sasa? Leo unakuja shule?" mmoja aliuliza. "Hiyo ni ya nani?"

"Nakuja," nikasema. "Ni ya mama yangu. Anapiga ngoma."

Kisha nikainama tena haraka, kwa sababu Kukhu alikuwa amepapoteza mahali penyewe na ananiita.